Ziara ya darasa kwenda Bagamoyo: mwongozo kwa CR na kamati yake

Kila muhula maswali ni yale yale. Tuchange shilingi ngapi? Kosta inabeba wangapi? Watu arobaini wamesema wanaenda, mbona waliolipa ni tisa? Chakula tubebe au tupike huko? Mwongozo huu ni kwa CR (mwakilishi wa darasa), waziri wa burudani au mwanafunzi yeyote wa chuo cha Dar es Salaam aliyetupiwa jukumu la kuandaa ziara ya siku moja ya darasa. Tumechukua Bagamoyo kwa sababu ni karibu, barabara ni ya lami mwanzo hadi mwisho, na kuna mambo ya kuona na bahari ya kuogelea kwa siku hiyo hiyo. Ukienda Pugu, Mikumi au Morogoro hatua ni zile zile. Utabadilisha umbali, na habari za bahari utaziruka.

Weka hili kichwani tangu mwanzo: ziara inaendeshwa na orodha ya waliolipa. Orodha ya waliosema "nipo" haina kazi. Karibu kila ziara iliyovunjika ilivunjika kwa sababu kamati ilipanga kwa kuhesabu dole gumba za kwenye grupu la WhatsApp.

Vinavyohitajika kabla ya kutangaza chochote

Usitupie neno "ziara" kwenye grupu kabla hujawa na hivi mkononi:

- Kalenda ya masomo ya chuo na ratiba ya testi za darasa lenu.
- Kalenda inayoonyesha mwezi mpevu na mwezi mwandamo (sababu iko hatua ya 1).
- Watu watano wa kamati: mwenyekiti, mhasibu, wa usafiri, wa chakula, wa usalama.
- Bei za kukodi gari kutoka kwa wenye magari watatu, zilizoulizwa wiki hiyo hiyo.
- Namba moja ya simu ya kupokelea michango, iliyosajiliwa kwa jina la mhasibu mwenyewe.
- Daftari la mistari. Jedwali la kwenye simu ni zuri, lakini simu huzimika chaji, na mhasibu asiye na daftari hugombana na watu getini saa kumi na mbili asubuhi.
- Wiki nne. Kwa wiki tatu inawezekana kwa tabu. Mbili hazitoshi.

Hatua ya 1: Chagua tarehe

Tarehe inabanwa na mambo matatu, na kamati nyingi huangalia moja tu.

La kwanza ni masomo. Wiki mbili za mwanzo wa muhula watu bado wanahangaika na usajili na vyumba. Testi zikianza, vimbweta (meza za kusomea za nje) hujaa mpaka usiku na hakuna anayetaka kusikia habari za ufukwe. Wiki mbili kabla ya UE (mitihani ya mwisho wa muhula) usithubutu. Kwa kozi nyingi kinachobaki ni kati ya wiki ya nne na ya saba.

La pili ni bumu, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, na hutoka kwa mafungu. Kwa hiyo mchango wa 40,000 ni chakula cha siku nne cha mwenzako. Fungua michango siku mbili tatu baada ya bumu kuingia, usisubiri wiki tatu zipite. Na kumbuka kuna wasiopata mkopo kabisa, ndiyo maana hatua ya 4 ina awamu mbili za malipo.

La tatu ni bahari, na hapa ndipo wengi wanaumbuka. Fukwe za Bagamoyo ni za kina kifupi, maji yakipwa yanakwenda mbali na kuacha mchanga na tope. Darasa linafika ufukweni saa tisa alasiri na mipira yake na nguo za kuogelea, linakuta bahari iko kule. Katika pwani ya Dar na Bagamoyo, siku za bamvua (mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pamoja na siku mbili hivi zinazofuata) maji huwa yamekupwa asubuhi, kuelekea saa nne au saa tano, kisha hujaa jioni, kuelekea saa kumi au saa kumi na moja. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: alasiri ndipo bahari inapokuwa imerudi nyuma. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika hamsini. Basi tafuta Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu au mwandamo, halafu hakikisha kwenye jedwali la kujaa na kupwa. Ukikosa jedwali, mpigie mvuvi au mhudumu wa hoteli ya ufukweni Bagamoyo umuulize, "Jumamosi ile maji yanajaa saa ngapi?" Atakujibu bila kufikiri.

Kuhusu siku ya wiki: Jumamosi utawakosa Wasabato, Jumapili utawakosa wanaokwenda kanisani. Uliza darasani kabla, usikisie. Mwezi wa Ramadhani uache upite. Masika, Machi hadi Mei, panga tu kama mna sehemu yenye paa.

Hatua ya 2: Piga hesabu

Gharama ziko za aina mbili. Zipo ambazo hazibadiliki hata mkienda wawili: gari, mpishi, spika. Na zipo zinazokwenda na idadi ya vichwa: chakula, maji, viingilio. Kosa kubwa ni kugawa gharama za kwanza kwa idadi ya viti vyote vya gari. Zigawe kwa viti vinane katika kila kumi.

Mfano huu una bei za kufundishia tu, weka za kwenu. Kosta ya abiria 28:

- Gari pamoja na mafuta: 450,000
- Mpishi na mkaa: 50,000
- Spika na matumizi madogo: 40,000
- Jumla isiyobadilika: 540,000

Kwa kila mtu: chakula 6,000, maji 1,500, viingilio na mwongozaji 4,000. Jumla 11,500.

Ukigawa 540,000 kwa watu 28 unapata kama 19,300. Ongeza 11,500, unatangaza 31,000 na darasa linashangilia. Kisha wanalipa watu 22. Mmekusanya 682,000, gharama ni 793,000. Pengo la 111,000 linakuwa la kamati, na mwenye gari hataki kusikia habari za kamati.

Gawa kwa 22: kama 24,550, ongeza 11,500, weka asilimia kumi ya dharura, unafika karibu 40,000. Wakilipa 22, unabaki na 87,000 ya akiba. Wakijaa 28, unabaki na 258,000, yaani zaidi ya 9,000 kwa kila mtu, na unawarudishia. Hakuna anayemchukia CR anayerudisha chenji.

Fulana za darasa zitoe kwenye bajeti hii. Mchapishaji anataka malipo ya awali mapema, saizi zinachanganyika, na fedha ya gari inajikuta imekuwa fulana. Wanaozitaka wachange pembeni kwa mtu mwingine kabisa.

Hatua ya 3: Omba ruhusa

Barua iende kwa Mshauri wa Wanafunzi, ikipitia kwa mkuu wa idara, wiki tatu kabla. Kurasa mbili zinatosha. Ya kwanza: madhumuni, tarehe, saa ya kuondoka na kurudi, mahali mtakapokwenda, na jina na simu ya kiongozi wa msafara. Ya pili: majina, namba za usajili, simu ya kila mtu na simu ya ndugu yake wa karibu. Namba ya gari na jina la dereva mtaziongeza mkishaingia mkataba.

Andika "ziara ya mafunzo" pale tu ambapo kuna mafunzo kweli. Kama mnatembelea magofu na makumbusho, mna haki ya kuandika hivyo, na barua yenye muhuri wa chuo mkiionyesha pamoja na vitambulisho husaidia mkahesabiwa bei ya wanafunzi. Toa nakala tatu: ya kamati, ya dereva njiani, ya mlangoni kwenye vituo.

Hatua ya 4: Kusanya michango

Awamu ya kwanza ni nusu, yaani 20,000, ndani ya siku kumi. Awamu ya pili ni nusu iliyobaki, na mwisho wake uwe siku saba kamili kabla ya safari. Siku hiyo saa mbili usiku orodha inafungwa. Atakayekuja na hela asubuhi ya safari anapanda kama kuna kiti na kama chakula kinatosha, wala hapunguziwi.

Kanuni za mhasibu ni chache lakini hazina mjadala:

- Mtumaji anaweka na ya kutolea. Bila hivyo makato ya kutoa yanakula michango.
- Picha ya meseji si malipo. Malipo ni salio lililoongezeka kwenye simu ya mhasibu. Meseji za kutengeneza zipo, na nyingine zimetengenezwa vizuri kuliko za kweli.
- Kila jioni mhasibu anatuma orodha ya waliolipa kwenye grupu: jina na kiasi. Orodha ya wanaodaiwa haitumwi kamwe. Aliyekwama anajijua, na kumwanika mbele ya darasa kunamfukuza yeye na rafiki zake watatu.
- Anayelipa taslimu anasaini kwenye daftari palepale.
- Hela ya ziara hailali pamoja na hela ya matumizi ya mhasibu. Laini ya pili, au akaunti ya kikundi kama M-Koba, inamaliza kesi.

Kuhusu kurudisha: tangaza mapema kwamba anayejitoa kabla ya orodha kufungwa anarudishiwa yote, na baada ya hapo anarudishiwa pale tu atakapopatikana wa kuchukua kiti chake. Sharti hili likisemwa mwanzo linapokelewa kama utaratibu. Likisemwa baadaye, utaitwa tapeli.

Na yule asiyeweza kulipa? Kila darasa linaye. Mwenyekiti aongee naye pembeni, kamati itumie sehemu ya akiba kumlipia kiti, na habari hiyo isitoke nje ya watu wawili.

Hatua ya 5: Kodi gari

Nenda ukalione. Usikodi gari kwa picha. Kosta nyingi hubeba abiria kati ya 26 na 30 kutegemea zilivyopangwa viti, kwa hiyo panda uhesabu mwenyewe, na viti vya kukunja vya katikati usivihesabu. Angalia matairi (kipara ni kipara, usiambiwe "hili linakwenda"), mikanda, vioo vinavyofunguka, kizima moto na pembetatu za tahadhari. Omba uone leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu) inayoruhusu gari hilo kukodiwa. Kama ni daladala la ruti ya mjini, mwenye gari lazima alichukulie kibali cha kutoka nje ya njia yake. Hiki ndicho kinachowaweka watu kando ya barabara saa moja asubuhi: trafiki anauliza kibali, konda anaanza kupiga simu, jua linapanda. Bima unaweza kuihakiki mwenyewe kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima.

Mkataba ukiwa wa karatasi moja unatosha, mradi una mambo haya: namba ya gari, jina na simu ya dereva, tarehe, saa ya kuchukua na ya kurudisha, vituo vyote mtakavyopita, mafuta ni ya nani, saa ya ziada inalipwaje, na gari likiharibika mwenye gari ataleta jingine ndani ya muda gani. Lipa theluthi moja mkisaini, theluthi asubuhi kabla ya kuondoka, na theluthi ya mwisho mkisharudi chuoni. Ukilipa zote mwanzoni, huna tena cha kumbana nacho saa kumi na moja jioni.

Vituo vyote viandikwe kwa jina. Ukiandika "Bagamoyo" peke yake, dereva atakushusha mjini na kukuambia Kaole haikuwa kwenye makubaliano.

Hatua ya 6: Panga chakula

Njia ziko tatu. Kubeba chakula kilichopikwa Dar, kupika huko, au kumwagiza mama lishe wa Bagamoyo. Tunapendekeza ya tatu: mnakubaliana idadi na bei, mnalipa nusu, mnapiga simu mkifika Kerege, mnakuta chakula cha moto. Ya pili ni nafuu zaidi kama mwenye ufukwe anaruhusu moto na mnampata mpishi wa pale pale.

Ya kwanza iogopeni. Pilau lililopikwa saa tisa usiku, likafunikwa la moto kwenye ndoo ya plastiki, linakaa vuguvugu mpaka saa saba mchana, na uvuguvugu huo ndio unaochachusha. Harufu haisemi ukweli wote: sahani inanukia karafuu na mdalasini, na jioni nusu ya gari inaomba dereva asimame. Kama hamna njia nyingine, beba vitu vikavu: chapati, mayai ya kuchemsha yaliyopoa, maandazi, karanga, machungwa, ndizi.

Kwa pilau la watu 30 (abiria 28, dereva na konda), hivi vinatosha wanafunzi wenye njaa:

- Mchele kilo 6
- Nyama ya ng'ombe kilo 5 hadi 6
- Viazi mviringo kilo 3
- Vitunguu maji kilo 2 vya pilau, kilo 1 na nusu vya kachumbari
- Nyanya kilo 3, pilipili, ndimu 10 na chumvi kwa kachumbari
- Mafuta lita 1
- Kitunguu saumu vichwa 6, tangawizi robo kilo
- Bizari ya pilau, iliki, mdalasini na karafuu kwa mkono wa mpishi
- Ndizi mbivu 30 na tikiti maji makubwa mawili

Kilo moja kwa watu watano ndiyo kipimo chetu. Wapishi wa shughuli hupima watu saba au wanane kwa kilo, lakini kule kuna watoto na wazee, hapa hakuna. Kachumbari ikatwe dakika za mwisho, isikatwe asubuhi, maana inatoa maji na kulegea. Wasiokula nyama waulizwe wiki moja kabla. Kwa ajili ya Waislamu, nyama inunuliwe kwenye bucha inayoeleweka, na hili litajwe wazi kwenye grupu ili mtu asije akakaa na njaa kimya kimya.

Maji: lita mbili kwa kila mtu kwa siku nzima, jumla lita 60. Nusu katika chupa ndogo za njiani na kwenye magofu, nusu katika madumu makubwa ya kunywea na kunawia. Soda si badala ya maji.

Hatua ya 7: Ratiba ya siku

Kutoka Mwenge mnapita Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege. Ni kilomita sitini na kitu, lakini foleni ya Tegeta hadi Bunju ndiyo inayoamua mtafika saa ngapi. Hesabuni saa mbili.

Saa 12:00 asubuhi, kukusanyika. Saa 12:30 gari linaondoka. Kwenye tangazo andikeni "saa 11:45, gari linaondoka 12:30", na muondoke kweli 12:30. Mkimsubiri mmoja nusu saa, muhula ujao watachelewa wote.

Saa 2:30, Kaole. Iko kama kilomita tano kusini mwa mji, kwa hiyo anzeni nayo kabla jua halijachoma: magofu ya misikiti miwili, wa zamani zaidi ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, makaburi ya mawe matumbawe, na mbuyu ambao kila darasa lazima lipige picha chini yake. Saa moja na nusu inatosha. Malipo ya vituo vya serikali hufanywa kwa kontro namba, kwa hiyo mhasibu awe na salio kwenye simu. Noti hazisaidii.

Saa 4:15, mjini. Misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868 ina makumbusho na mnara wa kanisa ambako mwili wa Livingstone uliwekwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na hatimaye Uingereza. Hapo mavazi yawe ya heshima, khanga mbili tatu za akiba zibebwe. Kisha Boma la Wajerumani na Mji Mkongwe kwa miguu. Mchukueni mwongozaji mmoja mwenye kitambulisho kwa kundi zima, mkubaliane bei kabla hajafungua mdomo. Anayejua historia ya biashara ya utumwa na misafara ya pembe za ndovu atawafaa kuliko mabango yote.

Saa 7:00 mchana, chakula. Saa 9:00, bahari na michezo. Saa 11:00 jioni kuhesabu watu, 11:30 gari linaondoka, saa 1:30 hadi 2:00 usiku mko chuoni.

Ratiba ina vituo vitatu. Mtu atataka kuongeza cha nne. Mkatalieni.

Hatua ya 8: Usalama wa bahari na wa njia

Mtu wa usalama hana kazi nyingine siku hiyo. Hapigi picha, hagawi chakula.

Wote wapewe namba, 1 hadi 28, na kila mtu awe na mwenzake. Hesabu ifanyike kwa kutaja namba kwa sauti kila mnapopanda gari. Kuhesabu vichwa kwa macho kunakosea, kwa sababu huyu amehama kiti na yule ameinama kufunga kiatu.

Baharini: kabla ya mtu wa kwanza kuingia, chagueni eneo la mita hamsini hivi na muweke alama mbili ufukweni, hata kama ni khanga kwenye vijiti. Mwisho wa kwenda ni maji ya kifuani. Watu wawili wanaojua kuogelea wabaki nje, wakipokezana kila nusu saa, wakiwa na madumu mawili matupu yenye vifuniko na kamba ya mita ishirini. Dumu tupu la lita ishirini linamshikilia mtu majini, na ukilirusha huna haja ya kumfuata anayezama akakuvuta na wewe. Msiogelee karibu na soko la samaki. Pale vyombo vinaingia na kutoka, kuna kamba za nanga na vichwa vya samaki.

Aliyekunywa pombe haingii majini. Kamati nyingi huandika sheria hii na kuisahau ifikapo saa kumi, basi ni afadhali pombe isipande gari kabisa.

Njiani, dereva abaki ndani ya kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi. Mwenyekiti akae mbele, amwambie dereva kwa adabu, "Kaka, hatuna haraka." Sanduku la huduma ya kwanza: bandeji, plasta, dawa ya vidonda, glavu, chumvi za kuongeza maji mwilini, dawa ya maumivu. Namba ya polisi ni 112, zimamoto ni 114, na mjini kuna Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo. Kila mtu abebe kitambulisho na kadi yake ya bima, kwa sababu kadi iliyobaki hosteli haitibu.

Hatua ya 9: Kurudi na kufunga hesabu

Kabla ya kuondoka zoeni taka zenu zote. Mwenye ufukwe atamkumbuka CR wa mwaka ujao kwa hilo. Mkirudi usiku, gari liingie hadi hosteli, na wanaokaa nje ya chuo washushwe kwenye vituo vyenye watu na taa, si "hapo hapo njia panda". Anayeshuka njiani aandike kwenye grupu akifika.

Ndani ya siku tatu mhasibu atume ukurasa mmoja: zilizoingia, zilizotoka, risiti, baki. Baki irudishwe au darasa liamue, kwa kura, liende wapi. Kamati haina posho.

Mambo yakienda kombo

*Siku saba zimebaki na mmelipa 14.* Usiongeze mchango kwa waliolipa. Badilisha gari: haisi hubeba 14 na ni nafuu. Au unganeni na darasa jirani lenye shida hiyo hiyo, kila darasa na mhasibu wake, mkataba mmoja.

*Mwenye gari anapandisha bei usiku wa kuamkia safari.* Msomee mkataba. Kama hakuna mkataba, mpigie wa pili kwenye ile orodha ya bei tatu ulizokusanya mwanzoni. Ndiyo sababu ziliulizwa tatu.

*Mvua kubwa asubuhi.* Anzeni na makumbusho, Kaole muisogeze mchana. Ikinyesha tangu usiku bila kukatika, ahirisheni kabla ya saa kumi na moja alfajiri na mumwambie mama lishe kabla hajaosha mchele.

*Mmefika, bahari imepwa.* Pigeni mpira wa ufukweni, kula, subirini. Msitembee kuifuata mbali, kwa sababu maji yakianza kurudi huzunguka na kujaza mifereji ya nyuma yenu kabla hamjashtuka.

*Namba 17 haitiki wakati wa kuhesabu.* Muulizeni mwenzake wa namba hiyo kwanza. Mtu wa usalama na mmoja wa kamati ndio wanaokwenda kutafuta. Wengine wote wanabaki ndani ya gari, vinginevyo mtakuwa mnawatafuta watano. Alionekana mara ya mwisho majini? Piteni kwa walinzi wa ufukwe na wavuvi papo hapo, na mpige 112 wakati huo huo.

*Spika imekufa chaji.* Mtasikia bahari.

*Wawili wamegombana kwenye gari.* Watenganisheni viti, mmoja mbele mmoja nyuma, na maongezi yasubiri chuoni. Msimshushe mtu njiani, hata akiomba mwenyewe.

*Mhasibu hapatikani kwenye simu siku mbili kabla.* Kama orodha ilikuwa inatumwa kila jioni, kila mtu anajua kiasi kilichopo na mtagundua siku ya kwanza ya ukimya. Nendeni chumbani kwake wawili, kwa heshima, kabla ya kuandika chochote kwenye grupu. Mara nyingi ni simu mbovu au homa. Ikiwa sivyo, siku hiyo hiyo pelekeni daftari na orodha zilizotumwa kwenye grupu kwa Mshauri wa Wanafunzi.